Ngozi ya Sita

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo cha Polisi, Kathonzweni, Kaunti ya Makueni
Jina la shahidi: Kalekye Munyao
Umri: Miaka 63
Kazi: Mstaafu wa makumbusho, sasa ana karakana yake nyumbani
Makao: Nusu kilomita kutoka soko la Kathonzweni, barabara ya kuelekea Wote
Lugha: Kiswahili
Yameandikwa na: Koplo Tariq Othman, Jumatano tarehe 11 Juni 2025, kuanzia saa mbili na dakika arobaini asubuhi

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Ni mjane na ni shemasi kanisani kwetu. Nilifanya kazi miaka ishirini na minane katika jumba moja la makumbusho Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kupokea ngozi ya mnyama aliyekufa, kuisafisha, kuikausha kwa chumvi, kuivika kwenye umbo nililolichonga mwenyewe na kutia macho ya kioo, mpaka mtoto wa shule akisimama mbele yake adhani atarukiwa. Nilistaafu mwaka 2022 nikarudi nyumbani na kufungua karakana nyuma ya nyumba yangu. Leseni ya kazi hii ninayo, imebandikwa ukutani, na afisa anaweza kwenda kuiona wakati wowote.

Sikuitwa hapa. Nimekuja kwa miguu yangu kwa sababu binti yangu Ndila yuko ndani tangu jana, na hana kosa. Afisa amenieleza kwamba nitakayosema yanaweza kusomwa kortini. Nimemwambia ayaandike yote.

Ndila ana miaka thelathini na nne. Ni mwalimu wa chekechea Kasikeu. Aliolewa mwaka 2016 na Kivuva Nthiwa, ambaye kazi yake ni kuchimba visima, na sasa anajenga hoteli huko huko Kasikeu. Wana mtoto mmoja, Mutheu.

Kabla sijaendelea lazima nieleze jambo moja, la sivyo mengine hayataeleweka. Sisi Wakamba tuna nthoni. Ni ile haya iliyopo kati ya mama mkwe na mume wa binti yake. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani kumpisha mwenzake. Siku hizi wako waliolegeza, wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe wao na kuziweka kwenye simu, na mchungaji wetu mwenyewe husema mambo hayo ni ya zamani. Mimi nashika. Kivuva naye alikuwa anashika, na kusema kweli hilo ndilo lililonifanya nimpende. Kwa miaka tisa sijasema naye neno moja ana kwa ana. Hakuwa ameingia boma langu. Likiwepo la kusema, linapita kwa Ndila. Afisa amesema kwao Mwingi wanayajua haya, lakini niyaeleze kwa ajili ya hakimu.

Mnamo mwezi wa Agosti 2024, Kivuva alialikwa Namibia na watu wanaomuuzia mitambo ya visima. Walimpeleka kuwinda kwenye shamba la wanyama. Kule ni halali ukiwa na kibali. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku nikiwa msichana wa shule.

Mnamo tarehe 19 Agosti 2024, Jumatatu, kama saa kumi alasiri, Ndila alinipigia simu. Alisema, "Mwaitu," yaani mama kwa Kikamba, "babake Mutheu amepiga kutoka huko. Ameangusha wanyama watano. Sasa wenye shamba wanamuuliza vichwa vitengenezewe wapi. Kuna karakana hapo karibu, ama apeleke Afrika Kusini, ama zikuje zikiwa ngozi tu. Anasema wewe ndio unajua hiyo kazi. Afanye aje?"

Nilimwambia aache huko huko. Karakana iliyo karibu na shamba inapata ngozi ingali mbichi, kabla manyoya hayajaanza kulegea. Wanyama wale ni wa kwao, maumbo yao wanayo tayari, na kitu kilichokamilika husafiri vizuri kuliko ngozi iliyokunjwa ndani ya sanduku. Tena vidole vyangu si vya zamani. Nilimwambia kama ni lazima zije, basi nijue zilitiwa chumvi saa ngapi baada ya mnyama kuanguka, kama masikio yaligeuzwa ndani nje, na makaratasi yana jina la nani. Ndila akasema, "Hayo mimi sijui, mwaitu." Angejuaje, yeye hufundisha watoto kuimba a e i o u. Aliyejua alikuwa kwenye simu nyingine, na mimi na yeye hatuongei.

Siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, jibu lilikuja. Karakana ya Namibia ina foleni ya miezi kumi na minne, na ile ya Afrika Kusini inazidi hapo. Hoteli inafunguliwa Juni. Kisha Ndila akaongeza, "Anasema kazi yako haiwezi shindwa na ya Mzungu yeyote. Anataka wageni wakiuliza ni nani alifanya, aseme ni mama mkwe."

Nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu nimeombwa niseme kila kitu. Hapa Kathonzweni watu huniita mama wa mizoga. Nikipita sokoni, wako wanaoziba pua wakicheka, ingawa sina harufu yoyote. Kwa miaka miwili nilikuwa nimetengeneza bundi wawili na nyani mmoja wa shule za sekondari, basi. Nikaona ukuta mzima wa kazi yangu mahali ambapo watu wanaketi kula na kunywa chai. Nikasema, "Mwambie azilete." Neno hilo lilitoka kinywani mwangu na hakuna aliyenilazimisha.

Mnamo tarehe 22 Februari 2025, Jumamosi, saa tano asubuhi, Ndila aliniletea masanduku mawili kwa pikapu. Alikuwa peke yake. Ndani kulikuwa na ngozi tano za kichwa na shingo, na pembe za wale wenye pembe: tandala wakubwa wawili, choroa mmoja, punda milia mmoja na ngiri mmoja. Kila moja ilikuwa na kibandiko chenye nambari sikioni. Makaratasi yalikuwa ndani ya bahasha, ya kule na ya kuingizia hapa nchini, na yalitaja wanyama watano. Nilihesabu, zikalingana. Nina daftari la kupokelea, na mahali pa mleta mzigo Ndila alitia sahihi yake. Daftari hilo nimelileta, na afisa amelichukua.

Mnamo tarehe 14 Machi 2025 nililoweka ngozi ya choroa. Manyoya ya uso yalitoka na maji, mabaka mabaka, kuanzia puani hadi chini ya jicho. Ilikaa kwenye joto muda mrefu kabla ya chumvi, na hilo ndilo lile swali nililouliza Agosti na halikujibiwa. Nilimpigia Ndila amwambie mwenye mali kwamba uso huo hauvikiki, nitamwekea pembe peke yake juu ya ubao. Baada ya siku nne Ndila alinijibu kwa simu: "Hakufurahi. Anasema ukuta uko na nafasi tano za vichwa, fundi ashaweka taa juu ya kila moja, na wageni wameitwa tarehe ishirini na nane Juni." Nilimwambia hata aweke taa ya uwanja wa ndege, uso hauna manyoya. Sikusikia tena habari ya choroa.

Mnamo tarehe 7 Juni 2025, Jumamosi, karibu saa tisa alasiri, nilikuwa karakana nikishona shingo ya tandala wa pili. Nilisikia gari likiingia bomani. Nilidhani ni Ndila, nikaendelea kushona. Kisha sauti ya mwanamume ikapiga hodi mlangoni pa karakana na kusema, "Mama."

Niliitambua hapo hapo. Mwaka 2019 tulipomzika mume wangu, Kivuva ndiye aliyetoa shukrani za familia kwa kipaza sauti, nami nilikuwa ndani ya hema nikisikia. Nimeisikia pia mara nyingi nyuma ya Ndila tukiongea kwa simu. Karakana ina mlango wa ndani unaoingia jikoni. Niliangusha sindano, nikajifunika leso kichwani, nikaingia jikoni na kusimama nikiwa nimeuelekea ukuta. Sikufikiria. Mwili ulienda wenyewe, kama mkono unavyotoka kwenye moto.

Nilimsikia akiingia. Aliweka kitu kizito mezani. Akasema, na haya ndiyo maneno yake: "Mama, unisamehe kuingia hivi. Kuna ingine hapa. Ichanganye na zile zingine, ukuta ujae. Ndila hajui, na usimwambie." Kisha akatoka na gari likaondoka. Nilikaa jikoni mpaka nilipoacha kusikia mngurumo wake.

Juu ya meza kulikuwa na gunia. Nilifungua. Ilikuwa ngozi ya tandala mdogo, dume, na pembe zake. Haikuwa na kibandiko. Ilikuwa imetiwa chumvi ya kupikia, tena haba, na kwa ndani ilikuwa bado na unyevu. Haikuwa na tundu la risasi. Shingoni kulikuwa na alama ya waya imezunguka pande zote, na manyoya hapo yamesuguka hadi ngozi.

Nimeulizwa nilijuaje si mmoja wa wale wa Namibia. Tandala mdogo haishi Namibia. Anaishi huku kwetu, kwenye vichaka vya Kitui kusini na kwenye mbuga. Ana milia mingi membamba na mabaka mawili meupe kooni, na hana zile ndevu za shingo za tandala mkubwa. Mgeni anayekula kuku chini ya ukuta ule hangejua tofauti, angedhani ni mtoto wa yule mkubwa. Mimi ninajua, na mtu yeyote wa wanyamapori angejua mara moja. Mnyama huyu alinaswa hapa, na mtu alitaka mkono wangu umpe uraia wa kigeni.

Nimeulizwa kwa nini sikuja kuripoti siku ile ile.

Nilikaa na lile gunia Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Nikipiga simu kwa watu wa wanyamapori, nimemfunga babake Mutheu. Nikiivika, nimevunja sheria kwa mikono ambayo haijavunja sheria hata siku moja. Nikikaa kimya na ipatikane kwangu, ni yangu. Nikimweleza Ndila, nimemwingiza katika jambo ambalo hajui, na nimemsema mumewe vibaya mbele yake. Kumwambia Kivuva mwenyewe aje aiondoe, mdomo huo sina. Jumapili nilienda kanisani na sikushiriki meza ya Bwana, na wenzangu waliniuliza kama ninaumwa. Nilijibu ni tumbo. Nilikuwa ninaogopa. Niliona kama nimefungiwa katika nyumba yangu mwenyewe.

Jana Jumanne, tarehe 10 Juni, saa mbili asubuhi, nilichagua lile nililoliona jepesi zaidi. Nilimpigia Ndila nikamwambia, "Njoo uchukue mzigo wa mumeo umrudishie. Mwambie mama amekataa. Usiufungue." Akauliza ni mzigo gani. Nikamwambia ni mambo ya kazi. Alifika saa nne kasorobo, akanywa chai nusu kikombe kwa sababu alikuwa ameomba ruhusa ya muda mfupi shuleni, tukalipakia gunia nyuma ya pikapu, akaondoka kama saa nne na dakika kumi. Nilimwona akikata kona na nikahisi mzigo umenitoka. Nilipika ugali na nikala, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Saa tano na robo alinipigia akiwa kituoni. Polisi walikuwa wameweka kizuizi barabarani na walikuwa wanakagua magari yote. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mwaitu, kwa gunia kulikuwa na nini?"

Nilikata simu. Mtoto wangu aliniuliza swali akiwa mikononi mwa polisi na mimi nikamkatia simu. Hilo linanichoma kuliko mengine yote niliyoyasema hapa.

Afisa sasa amenieleza kwamba jana jioni Kivuva alifika kituoni akiwa na wakili na kuandikisha maelezo yake. Amesema anazijua ngozi tano tu, zenye makaratasi. Amesema hajawahi kukanyaga boma la mama mkwe wake maishani, kwa kuwa mila haimruhusu, na Kasikeu nzima itamshuhudia. Amesema huenda ngozi hiyo ilitoka karakana kwangu, au mkewe anajua ilikotoka.

Nimekasirika. Nimemwomba afisa aandike kwamba nimekasirika. Heshima niliyomtunzia miaka tisa, nikijificha kwenye majiko na nyuma ya mahema ili nisimvunjie adabu, ameichukua akajikinga nayo. Tena amemsukuma mkewe mbele. Na wakili wake hata hahitaji kudanganya, maana watu watakaosimama kusema Kivuva haingii kwa mama mkwe watakuwa wanasema ukweli wanaoujua.

Afisa ameniuliza kama kuna mtu mwingine aliyemwona akiingia. Hakuna. Jirani yangu Kanyiva alikuwa kwenye mazishi Kikima. Ameniuliza kama gari nililiona. Sikuliona. Ameniuliza kama Kivuva amewahi kunipigia simu au kuniandikia ujumbe kuhusu ngozi yoyote, hata hizo tano. Hajawahi. Aliyeuliza zitengenezewe wapi ni Ndila. Aliyeleta jibu ni Ndila. Aliyetia sahihi daftarini ni Ndila. Aliyeambiwa choroa ameharibika na ukuta hautajaa ni Ndila. Aliyekutwa na gunia ni Ndila, na aliyempa ni mimi.

Afisa hakunipigia kelele. Ameniambia tu, "Mama, unaona vile inakaa?" Ninaona. Nimetoka nyumbani saa moja unusu nikijua nakuja kumtoa binti yangu, na kila neno la kweli nililolisema limemfunga zaidi. Nimeuliza kama tunaweza kurarua karatasi tuanze upya. Amesema haiwezekani.

Kisha ameniuliza: "Huyo mtu aliyeingia karakana tarehe saba, ulimwona kwa macho yako?"

Nimeomba maji na nimepewa. Nimefikiria kusema ndiyo, nilimwona. Hakuna ambaye angenikatalia, na binti yangu angelala kwake leo. Lakini wakili ataniuliza alivaa shati gani, nami nitabuni shati, na kutoka hapo hata yale ya kweli hayataaminika, na yale maneno kwamba Ndila hajui yatatupwa pamoja na shati. Tena nitakuwa nimeapa kwa Biblia. Kwa hivyo najibu: sikumwona. Nilimpa mgongo. Ndivyo nilivyolelewa, na wakati pekee katika maisha yangu ambapo ningehitaji kumwona, nilikuwa nimeangalia ukuta wa jikoni.

Nilimsikia. Sauti ile naijua. Ninaomba Kivuva Nthiwa aletwe hapa, aseme maneno yale yale mbele yangu, nami nitamwangalia usoni na nitasema kama ni yeye au si yeye. Najua maana ya ninachoomba. Mama mkwe akimtazama mkwe wake usoni hadharani, na kwa shutuma, hiyo haitengenezwi kwa faini ya mbuzi mmoja wala wawili, na huenda Ndila hatakuwa na nyumba ya kurudi. Nimeyapima yote mawili. Nyumba anaweza kujengewa nyingine.

Ninaomba pia Ndila aelezwe kilichokuwa ndani ya gunia, na aelezwe kwamba ni mimi niliyenyamaza. Kama anaweza kuelezwa kabla hajapelekwa kortini nitashukuru.

Sina zaidi. Nimesomewa yote kwa sauti, nimesahihisha tarehe moja, na ninayakubali kuwa ni yangu bila kutishwa wala kuahidiwa chochote.

Sahihi ya shahidi: K. Munyao

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na kumsomea shahidi, naye akatia sahihi mbele yangu saa nne na dakika hamsini asubuhi. Mshukiwa Ndila ameelezwa kilichokuwa ndani ya gunia. Aliomba arudiwe maelezo hayo mara mbili, kisha akauliza kama mama yake amekula. Kivuva Nthiwa amepigiwa simu na yuko njiani kutoka Kasikeu pamoja na wakili wake. Nimemfahamisha shahidi kwamba anaweza kusikiliza sauti akiwa nyuma ya pazia katika chumba cha pili, bila kuonekana na mhusika. Amekataa pazia. Ameuliza kama anaruhusiwa kusogeza kiti chake karibu na mlango.

Koplo Tariq Othman
11/06/2025